Swali la Mwomba Kazi

Maiti ya Wendell Tofte ilikutwa Jumanne asubuhi chini ya ngazi ya chuma, ndani ya ghala la nafaka la Nordvik, bandarini Duluth. Shingo ilikuwa imevunjika. Marehemu alivaa shati lililopigwa pasi na tai ya buluu.

"Mdukizi tu huyo," alisema Curt Brandvold, msimamizi wa zamu. "Wasio na kazi hujipenyeza humu kuchungulia. Kateleza. Mimi hata simjui."

Sajenti Marit Kivela wa kitengo cha mauaji aliinama, akaitazama ile tai kwa muda. Daktari wa polisi alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Kaanguka chali," daktari alinong'ona. "Na vifungo viwili vya shati vimeng'olewa. Alishikwa kifuani."

Mjane, Ruth, alimkaribisha Marit jikoni. Marit alikataa kahawa mara mbili, kama ilivyo adabu ya kule, ya tatu akaipokea.

"Redio inasema alikuwa mwizi, Afande. Miaka ishirini na sita kiwanda cha karatasi, hajawahi kurudi hata na bisibisi ya watu. Msinizikie mwizi."

"Alikwenda Nordvik kufanya nini?"

Ruth alisukuma daftari mezani. Tangu kiwanda kifungwe, Wendell hakuomba kazi mahali asipopajua. Kwanza aliegesha gari nje ya geti saa za kubadilisha zamu, akazisoma nyuso za wanaotoka. Kisha aliwatafuta walioacha kazi, akawauliza kwa nini.

"Nilikuwa nikimtania," alisema Ruth. "Nikimwambia, wewe unaomba kazi au unachumbia?"

"Huko getini alikuwa akivaa tai?"

"Getini? Huvaa koti lake kuukuu. Tai ni akiitwa ndani." Ruth aliitazama pasi iliyokuwa kando ya jiko. "Jana jioni alinipa niipige pasi, na alfajiri akatoka nayo."

Marit alifungua ukurasa wa mwisho. *Nordvik, mtunza mitambo. Tangazo Machi. Julai tena. Novemba tena. Kazi ileile. Waliotangulia wako wapi? Wa Julai nimemwona: hana vidole vitatu.*

Alasiri, Brandvold aliketi kwenye chumba cha mahojiano. Alishaambiwa haki yake ya kunyamaza, lakini mtu mwenye hofu hupenda kusema.

"Ulimwita Wendell Tofte?"

"Nimwite nani? Nimeshasema simjui."

"Jana saa tisa simu ya ofisi yako ilipiga nyumbani kwake. Mliongea dakika sita."

"Wanaotaka kazi ni wengi. Siwakumbuki wote."

"Vifungo vya shati lake tumevikuta juu ya ngazi, mlangoni pa ofisi yako. Yule wa Julai vidole vyake viko wapi, Curt?"

Brandvold alifumba macho. Uso ulimlegea.

"Niliondoa kifuniko cha usalama cha mtambo wa kupakia nafaka," alisema. "Kwa kifuniko, meli moja inachukua siku nzima kupakia. Bila kifuniko, nusu siku. Wa Machi akakatika kidole. Wa Julai, vitatu. Nikaandika wameumia nyumbani, wameacha kazi kwa hiari."

"Na Tofte?"

"Nilimwita nimsaili kama wengine. Nikamuuliza ana swali? Akatoa karatasi mfukoni. Kwa upole kabisa, akaniuliza waliotangulia wako wapi."

"Akatishia kukushtaki?"

"Afadhali angetishia." Brandvold alitikisa kichwa. "Alisema kazi anaitaka. Ni karibu na nyumbani, ataweza kula mchana na mkewe. Ila kwanza tukirudishe kifuniko, na yeye mwenyewe atawaandikia wakaguzi wa usalama kazini ili wale wawili wapate haki yao. Nikamfuata hadi mlangoni nikimsihi. Nimebakiza miezi minane nistaafu, Afande. Nikamkamata shati. Akasema, 'Curt, hata wewe vidole unavyo.' Nikamsukuma."

Marit alimsogezea maelezo. Brandvold aliyasoma polepole, akatia saini kwa mkono wenye vidole vyake vyote vitano.

Kabla ya giza Marit alirudi kwa Ruth. Safari hii hakukataa kahawa hata mara moja.

"Hakuwa mwizi," alimwambia. "Aliitwa. Na kazi angeipata."

Ruth aliivuta sahani ya pili, ya Wendell, iliyokuwa mezani tangu mchana, akaifunika kwa kitambaa, akalia.

Asubuhi ya Jumatano tangazo lilitoka tena gazetini: Nordvik, mtunza mitambo, aanze mara moja. Marit alilikata, akalibandika kwenye daftari la marehemu, kisha akapiga simu kwa wakaguzi.