Santuri Nyuma ya Kwaya

Kitu cha kwanza alichokiona mpimaji wa maabara kwa yule mwanaume kilikuwa kidole. Kilitoka mdomoni kimelowa mate, kikashuka kwenye safu ya santuri kuukuu, kikafunua majalada mawili matatu, kisha kikarudi mdomoni. Mpimaji akarudi nyuma hatua moja.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na duka limejaa hadi mlangoni. Lilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, halina dirisha, linanuka ukungu, mikojo ya panya na jasho la watu walioinama. Mwenye duka, waliyemwita Mzee Kikohozi, alikaa pembeni akikohoa na kutemea kwenye kopo la rangi miguuni pake. Mpimaji, dada wa watu, alikuwa amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi, na viatu vyeupe alivyokwisha kuanza kuvijutia.

"Kaka," alisema, "unajua kuna nini kwenye hayo majalada?"

"Muziki."

"Ukungu na kinyesi cha mende. Na wewe unajilisha."

Mwanaume akakitazama kidole chake, akakifuta kwenye suruali. Alikuwa fundi friji, mpana wa mabega, shati la bluu limekunjwa mikono. "Basi nitakufa na furaha yangu. Wewe umetumwa na bwana afya?"

"Nimetumwa na mama yangu. Masikio yake yanakufa. Moja limeshakwenda, na daktari anasema la pili liko njiani. Kabla halijaziba anataka kusikia albamu moja tu, waliyocheza siku ya harusi yake. Kwenye simu haipo. Nimeitafuta mpaka nimechoka."

"Ina jalada gani?"

"Mwanamke wa gauni la njano, amekalia ngoma."

Fundi akageuka kutazama safu za nyuma. "Tutaitafuta wote," akasema.

Tangu hapo Jumamosi zikawa zao. Yeye alikuja na glavu na barakoa, naye fundi akambandika jina: Glavu. Alimfundisha kuinamisha santuri kwenye taa ili aone mikwaruzo, na kupapasa ukingo kujua kama imepinda kwa joto. Jioni alimpigia simu.

"Glavu wangu, umeshanawa?"

"Mara mbili."

"Mtu anashinda akipima choo cha watu, halafu anaogopa vumbi."

"Choo cha watu kinakuja kimefungwa. Wewe unakuja wazi."

Wakacheka mpaka salio likaisha.

Bila kujua lini, glavu zikabaki nyumbani. Alianza kuipenda ile kazi ya vidole, jalada baada ya jalada, takataka juu ya takataka, halafu ghafla sura ambayo hukuiota inakutazama na moyo unaruka. Simu ilimpa alichokitaka tu. Duka lilimpa alichokuwa hajui kwamba anakitaka. Hata siku fundi alipomwinamia nyuma ya kabati ili ambusu, hakukataa, alimwambia tu apanguse mdomo kwanza.

Nyumbani mama aliuliza kila Jumamosi, "Mmeipata?" Na kila mara aliuliza kwa sauti kubwa zaidi, maana alikuwa haisikii tena sauti yake mwenyewe.

Jumamosi moja fundi aliitwa kwenye friji za bucha, dada akaenda dukani peke yake. Mzee Kikohozi alikuwa anapangua kabati la nyimbo za kwaya.

"Hii ya mwanamke na ngoma mnaichukua lini?" aliuliza, akiinua jalada. "Nimechoka kuiona inahamahama."

"Inahamishwa na nani?"

"Na mchumba wako huyo. Kila Ijumaa anapita. Mara nyuma ya kwaya, mara nyuma ya hotuba. Nikajua ni mchezo wenu." Akakohoa, akatema.

Kopo lile halikuwahi kumchefua namna hii. Aliichukua, akalipa bila kuuliza bei, akapanda ngazi na jalada kifuani.

Nyumbani aliweka santuri, akaongeza sauti hadi vioo vikatetemeka. Mama alikuwa amekaa karibu na spika, kanga mpya begani, mikono magotini kama mtoto anayesubiri keki.

"Weka basi, mwanangu," mama akasema.

Wimbo ulikuwa umefika katikati.

Simu ikaita. "Glavu wangu, umefika dukani?"

"Nimeipata. Ulikoiweka."

Fundi alivuta pumzi. "Niliogopa ukiipata hutarudi. Nilitaka Jumamosi moja tu. Halafu zikawa tamu."

"Tamu kwa nani? Mama hasikii tena."

"Sikujua sikio lingeziba mapema hivyo."

"Nilikwambia siku ya kwanza," akasema, akakata.

Kesho yake fundi alikuja amevaa suti, na pete mfukoni. Alisema amekosa, kwamba alipenda kupita kiasi, kwamba anataka kuoa. Mama alimtazama midomo, hakuambulia kitu. Binti akamwandikia kwa kidole kiganjani neno moja moja.

Mama akajibu kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Anayekuficha kitu ili usiondoke, kesho ataficha funguo."

Fundi aliinamisha kichwa. Dada alimsindikiza hadi getini. Fundi aliponyoosha mkono kumshika, ngozi ya dada ilisisimka kama aliyekanyaga konokono pekupeku.

"Nenda tu, baba," alimwambia taratibu.

Lakini dada hakuacha kutafuta santuri. Alihamia duka jingine, lililonuka kuliko lile, akichimbua kwa mikono mitupu. Huko walikutana tena, miezi ikiwa imepita. Fundi alikuwa amekonda, kola imelegea shingoni.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Hasikii kabisa, ila anakula vizuri."

"Nami nakuwaza."

"Najua."

Dada alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote. Fundi aliliona usoni pake, akasogea pembeni, akamwachia safu nzima, akatoka. Dada alisubiri hatua zake ziishe. Kisha akaanzia pale fundi alipokomea, akafunua jalada linalofuata.