Likizo ya Baba Zuena

Kila alfajiri, kengele ya kiwanda cha mkonge ilipolia, mume wangu Mdoe alikuwa tayari mlangoni. Tulikaa Masuguru, miaka ile baada ya Azimio la Arusha. Kazi yake ilikuwa kulisha majani ya mkonge kwenye korona, ile mashine kubwa inayotoa nyuzi. Jioni alirudi amechoka, hasemi na mtu. Binti yetu Zuena akisikia kikohozi chake njiani, alijificha nyuma ya pipa la maji. Hilo liliniuma sana.

Likizo yake ilipofika, nilifurahi. Lakini Mdoe aliamka kwa kengele ileile, akaenda kusimama kwenye geti la kiwanda. Aliogopa kwamba Habakuki, aliyeshika nafasi yake, angezoea pale asitoke tena. Akirudi nyumbani alikuwa mkali kuliko siku za kazi. Akaniambia likizo haina faida, afadhali asingepewa.

Naisimoi, mama wa Kimasai aliyetuletea maziwa, alisikia. Akatua kibuyu chake.

"Baba Zuena, ng'ombe ukimtoa zizini ukamfunga palepale mlangoni, utasema umempeleka malishoni?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe umejifunga getini. Likizo umepewa, lakini hujaila."

Mdoe akasema ng'ombe hana msimamizi. Naisimoi akajibu kwamba anaye, ni yeye Naisimoi, tena ana fimbo. Tukacheka. Halafu akaeleza taratibu. Kupumzika si kukosa kazi tu. Mtu aache mawazo ya kazi, afanye jambo analolipenda, akae na watu wake. Akiifurahia likizo yake, hurudi na moyo mwepesi, na maisha yake yote hupata nafuu.

"Ng'ombe asipotulia akacheua, hata umpe majani mengi, maziwa ni haba," akasema. "Wewe unapenda nini?"



"Migono," Mdoe akasema. "Zamani nilisuka migono ya kutegea samaki."

Kesho yake tulipanda mlimani kwa mama yake, kijiji cha Kwashemshi. Kule kengele haisikiki. Mdoe akasuka mgono, Zuena akimshikia fito. Walipoutega mtoni mara ya kwanza walipata kaa mmoja tu. Mtoto akamcheka baba yake, na baba naye akacheka. Mama mkwe akatupikia bada, ule ugali wa muhogo, tukala tukisimuliana mpaka chungu kikapoa.

Tuliporudi, Habakuki alimpisha mbio.

"Chukua nafasi yako, kaka. Mikono yangu imekwisha."

Kazi ilikuwa ileile, na jua lilelile. Lakini sasa Mdoe alirudi jioni na maneno ya kutuchekesha. Na ili raha ile isipotee, kila Jumapili alikwenda na Zuena kutega mgono kijitoni.

Namshukuru Mungu, namshukuru na Naisimoi. Pipa letu likabaki la maji tu. Zuena akisikia kikohozi njiani, alikimbia kumpokea baba yake.