Kuomba Chaji kwa Jirani

Jua lilipochomoza tu, paa la nyumba ya Bi. Sikujua likajigeuza. Vigae vyake elfu moja na mia mbili, kila kimoja upana wa kiganja, viliinama pamoja kuelekea mashariki. Mkono mwembamba wa chuma ukashuka kutoka ukutani, ukalipapasa gari ubavuni, ukapata tundu, ukachomeka. Ndani ya dakika nne taa ya puani ikawa ya kijani. Gari lilikuwa limeshiba, na tangu wiki iliyopita halijaenda popote.

Mashine hiyo iliitwa paajua. Aliyeibuni ni huyo huyo Bi. Sikujua Mbwilo, mhandisi mstaafu, aliyekuwa amekaa barazani na kikombe kimoja cha chai.

Zamani watu wa mtaa wao, kule Nzuguni, Dodoma, walichaji magari kituoni. Gari lilihitaji dakika arobaini, na dakika arobaini utazifanyia nini kama si kupiga soga? Palikuwa na benchi la mbao, muuza kahawa aitwaye Mama Nyendo, na habari zote za mtaa: nani kahama, nani kanuniana na mkwewe, nani kaonekana wapi na nani. Redio yao ilikuwa Bi. Sikujua mwenyewe. Kisha akawaondolea foleni. Mji ukampa nishani, kituo kikabomolewa, kila nyumba ikajitosheleza kwa umeme wake, na hodi zikakoma.

Siku ya mwisho ya kituo alikuwa katikati ya kisa cha fundi wa betri aliyetoweka siku ya harusi yake. Gari lake likajaa, akanyanyuka. "Nitawamalizia kesho," aliwaambia. Hiyo kesho sasa ina miaka sita.

Asubuhi hii alikuwa amehesabu: siku kumi na tisa hajazungumza na mtu ana kwa ana. Sauti ya nyumba haihesabiki, ingawa ina adabu sana.

Akamkumbuka mama yake, aliyekuwa akimtuma kwa jirani kuomba chumvi hali kopo la chumvi limejaa. Siku moja alimuuliza sababu. "Tukikaa mwezi hatujaombana kitu," mama alimjibu, "watadhani tuna ugomvi."

Bi. Sikujua akajitanda khanga, akaenda nyumba ya pili. Huko aliishi Mwalimu Chiwanga, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, na ambaye kule kwenye benchi hakuna kisa alichokubali kabla ya kukibishia.

"Karibu," mlango ulisema. "Mwalimu amepumzika. Una shida gani?"

"Gari limeniishia chaji. Naomba kidogo ya kunifikisha sokoni."

"Ombi limepokelewa. Umeme umetumwa nyumbani kwako kwa waya wa chini ya ardhi. Siku njema."

Hata hakupata nafasi ya kusema asante. Waya huo wa ujirani aliuchora yeye, ili mtu asisumbue mtu.

Alirudi kwake, akafungua kisanduku cha ukutani na kuishusha swichi kuu. Mkono wa chuma ukalegea hewani. Sauti ya nyumba, iliyokuwa ikimuuliza kama angependa kusikiliza habari, ikakatika katikati ya neno. Akalifunika gari kwa khanga mbili na mkeka, taa yake ya kijani isionekane. Kisha akarudi kwa Mwalimu.

Mlango ulifikiri kidogo. "Nyumba yako haipokei umeme. Umebaki waya wa mkono, na kwa kanuni ya usalama, waya wa mkono hushikwa na mwenye nyumba mwenyewe. Nitamwita. Akikataa, nitakujulisha."

Kanuni hiyo nayo aliiandika yeye, na ndiyo pekee aliyokuwa akiitegemea. Akasimama, macho kwenye mlango. Akikataa huyu, hakuna mwingine wa kumwendea. Nyumba za mbele zote zimehamiwa na wageni wasiojua hata jina lake. Alirekebisha khanga. Akairekebisha tena.

Mlango ukafunguka. Mwalimu Chiwanga alitoka amevaa msuli, waya wa rangi ya chungwa begani, mkononi fimbo.

"Hiyo fimbo ya nini, Mwalimu?"

"Kiharusi. Mwaka juzi."

"Mbona sikusikia?"

"Ungesikia wapi, Mhandisi?"

Nyumba zao zilikaribiana kiasi kwamba zamani, madirisha yakiwa wazi, alimsikia hata akikohoa. Siku hizi vioo havipitishi sauti.

Waliburuta waya polepole mpaka uani kwake, fimbo ikitangulia. Mwalimu akautazama mkeka, akazitazama khanga.

"Gari linaumwa baridi?"

"Linachomwa na jua."

"Gari la jua linachomwa na jua." Aliinama kwa shida atafute tundu. Khanga ikateleza, na taa ya puani ikamwangaza usoni, kijani kama jani la mgomba. Chini yake kioo kiliandika: asilimia mia.

Bi. Sikujua aliangalia vidole vyake vya miguu.

Mwalimu akaivuta khanga taratibu, akaifunika ile taa, akachomeka waya.

"Limekauka kabisa hili," alisema. "Na waya wangu ni wa zamani, unapitisha kidogo kidogo. Kama dakika arobaini hivi."

"Mimi sina haraka."

"Basi leta kiti. Na kikombe cha pili." Alijishusha barazani, akaegemeza fimbo ukutani. "Mama Nyendo, Mungu amrehemu, alinipigia simu kutoka hospitali. Nikadhani ananiaga. Kumbe anauliza kama nimeshaambiwa yule fundi wa betri alikimbilia wapi."

Bi. Sikujua alishika kiti, hakukinyanyua. Macho yalimjaa machozi. Alijifuta kwa ncha ya khanga, akakiburuta kiti mpaka karibu kabisa, goti kwa goti, akashusha sauti.

"Kwanza, nani aliwaambia alikimbia?"