Kifungu Kilichokwisha Kufutwa

Asubuhi ile Shairoon, karani wa mahakama ndogo ya Bella Rust, pwani ya Guyana, alikuta kipande cha karatasi sakafuni, chini ya kabati la sheria. Alikitambua. Kila sheria ilipobadilika, mji mkuu ulileta kipande kama hicho, naye akakibandika kitabuni, juu ya kifungu cha zamani, kwa uji wa wanga wa muhogo. Hiki alikibandika miaka mitatu iliyopita: *Kifungu cha uzururaji kimefutwa.* Lakini ule uji ulikuwa bado mbichi, ukinuka uchachu.

Akakibandika tena. Alipofunga kabati, alisikia kucha zikikwaruza ndani, taratibu, kama mtu anayemenya yai.

Kesho yake kilikuwa sakafuni. Siku hiyohiyo Sajini Cuffy alimleta Waveney, muuza pilipili wa gatini, mtoto wa miezi minne akinyonya kifuani.

"Uzururaji. Miezi sita," alisema Sajini.

"Sheria hiyo imekufa, Sajini."

"Imekufa? Nionyeshe kaburi lake basi, Bibi!"

Shairoon alifungua kitabu. Hapakuwa na alama ya gundi. Wino wa kifungu cha zamani ulimetameta, haujakauka.

"Anti Shairoon," Waveney alinong'ona, "mwanangu hajui hata uji. Fanya kitu."

Adhuhuri Shairoon alimwita Maalim Yakub. Maalim alifukiza udi mbele ya kabati, akasoma, kisha akanyamaza katikati na kuanza kutafuta viatu vyake.

"Huyu jini hakuvamia, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Anaitwa. Kila hati ya mashtaka inayotaja kifungu chake ni mwaliko. Ifuteni hati."

Shairoon alimkimbilia Sajini.

"Nishatia sahihi," alijibu. "Nikachekwe na wilaya nzima kwa ajili ya jini?"

Ijumaa hakimu alifika. Yeye huhukumu kwa kitabu kilicho mezani, basi. Shairoon alisimama aseme, lakini harufu ile ya wanga uliochacha ikamjaa kooni hata ulimi ukagandamana na kaakaa, na pale alipobaki akitweta huku Waveney akimkazia macho, aliona ukurasa ukibanduka wenyewe mbele ya hakimu, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka la zamani kuliko lililotangulia, na hakimu akisoma bila kupepesa macho, kwa sauti iliyozidi kuwa ya kizee.

"Miezi sita. Na mtoto aondolewe." Ukurasa ukabanduka. "Na viboko kumi na viwili."



"Mheshimiwa," Sajini aliingilia, "sisi hatuna tena…"

Hakumaliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuka kutoka chini ya meza bila yeye kuuinua, na ndani yake mlikuwa na mjeledi uliopakwa mafuta.

"Anti," alisema Waveney, akimnyooshea Shairoon mtoto. "Mshike."