Spika Iliyomwagiwa Maji ya Maua

Wartini aliamka na koo kavu. Alikunywa maji ya moto yenye tangawizi, akapika wali, akasaga karanga za mchuzi wa mboga, kisha akapiga pasi shati la mumewe la jukwaani. Yote aliyafanya bila kusema neno. Siku hizi aliitunza sauti yake kama mtu anavyotunza kibiriti wakati wa mvua.

Yeye na mumewe, Pardi, walipiga muziki kwenye harusi za vijiji vya wilaya ya Tulungagung. Pardi alipiga kinanda, Wartini aliimba. Sauti yake ilitoka kwenye spika moja kubwa, ndani ya kasha la mbao lililomfika kiunoni. Harusi zilianza asubuhi na kuisha alasiri, na kila alipotoka harusini alirudi amechoka kuliko alivyochoka mara ya mwisho. Spika ilikuwa inakoroma. Maneno ya wimbo yalisikika kama ya mtu anayezungumza huku mdomo umejaa wali. Ili watu wamsikie, Wartini alilazimika kupiga kelele kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Wiki ile muuguzi wa zahanati alimmulika kooni, akasema koo limevimba. Kuimba si vibaya, alimwambia, ila akizidi kupiga kelele, sauti inaweza kwenda isirudi.

Zilibaki harusi nne. Baada ya hapo ungeingia mwezi wa Suro, na mwezi huo hakuna anayeoza mtoto. Wartini angepumzika. Lakini je, sauti ingefika huko?

Pardi alisema dawa ni kuongeza nguvu ya amplifaya.

"Umekuwa ukiongeza tangu mwaka jana," Wartini alimjibu kwa sauti ya kukwaruza. "Juzi bibi harusi aliziba masikio kwenye harusi yake mwenyewe."

Asubuhi ya Jumatano wakapakia spika kwenye mkokoteni wa pikipiki, wakaipeleka kwa Kasminah.

Kasminah alikuwa mama wa miaka hamsini hivi. Alitengeneza spika na kuuza makasha yaliyokwisha kutumika. Walimkuta ameketi juu ya kasha mojawapo, anakula tempe, vipande vya soya vya kukaanga. Hakuuliza habari nyingi wala hakuchomeka waya wowote. Aliipindua spika miguu juu, akafuta mafuta vidoleni, akabonyeza ubao wa chini kwa dole gumba. Ubao ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kipande kikamomonyoka mkononi mwake.

"Mnailaza mtoni hii?" akauliza.

Pardi aliapa kuwa haijawahi kunyeshewa. Kila mara huifunika kwa nailoni. Wartini ndiye aliyejua.

Alimweleza Kasminah habari za mama mkwe wake, Bibi Saikem. Mume wa bibi huyo alipiga upatu kwa miaka arobaini, na kila Alhamisi jioni patu za kundi lake zilinyunyiziwa maji ya maua kwa heshima. Mzee alifariki, kundi likavunjika. Bibi akaihamishia heshima ile kwenye chombo kinacholisha nyumba sasa, yaani spika. Kila Alhamisi aliimwagia kikombe kizima. Nani angemwambia aache?

Kasminah hakucheka.

"Upatu ni shaba, shaba haivimbi," alisema. "Hili kasha ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Maji yanateremka, yanakaa chini, yanalila. Likishavimba halirudi. Ukilipiga skrubu leo, kesho inachomoka."

Aliifungua spika yenyewe akaitoa kwenye kasha. Akaisukuma karatasi yake ya mbele taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa, akamwambia Wartini atege sikio. Haikukwaruza. Ingekwaruza, alieleza, ungejua koili ya ndani imeungua au imepinda. Kisha akagusisha betri ndogo ya tochi kwenye ncha mbili za nyuma. Karatasi ikaruka kidogo: pu.

"Nzima," alisema. "Mgonjwa ni nyumba yake. Upepo unatoka kwenye nyufa, ndiyo maana inakoroma. Na wewe kaka, ukizidi kuongeza nguvu utaiunguza na hii nzima."

Kwa hiyo walihitaji kasha jingine. Yalikuwepo kumi na zaidi, yamepangwa ukutani. Pardi alikwenda moja kwa moja kwenye lile jeusi linalong'aa.

"Usioe rangi," Kasminah alimwambia. "Lipindue kwanza."

Chini ya rangi mpya palikuwa na viraka vya lipu ya mbao. Pardi alipoligonga, ubao mmoja ulitikisika kama jino bovu. Akalirudisha ukutani.

Kasminah akamtaka Wartini achague. Wartini alikuwa amechoka, hakuwa na haraka. Alipindua, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasogea kwenye jingine. Hatimaye alisimama mbele ya kasha baya kuliko yote. Lilikuwa limechubuka, na ubavuni mtu alikuwa amechora jogoo mwekundu. Lakini kila alipoligonga lilijibu kwa sauti fupi na nzito. Kwenye ukingo wa tundu la kuwekea spika zilionekana tabaka za plaiwudi, si vumbi la mbao. Alinusa ndani: mbao kavu, hakuna harufu ya ukungu. Hakukuwa na unga wa mchwa pia.

Kasminah alipima tundu, halafu kina cha ndani. Vyote vililingana na vya kasha la zamani. Tumbo likiwa dogo, alisema, spika inabanwa. Likiwa kubwa mno, inalegea.

"Tutaitwa bendi ya jogoo," Pardi alinung'unika.

"Heri jogoo," Wartini alisema. "Yeye bado anawika."

Kiungo kimoja kilikuwa kimeachia. Kasminah alikwangua gundi kuukuu, akapaka mpya, akalifunga kasha kwa mipira ya tyubu ya baiskeli na kuliacha mpaka kesho yake. Alipokuja Pardi kulichukua, spika ikiwa tayari ndani yake, Kasminah alimpa maagizo ya namna ya kulipima kwa moshi kama linavuja upepo.

Alhamisi jioni Bibi Saikem alitoka na bakuli lake la maua. Wartini hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Alichukua kijiti cha ubani kwenye sahani ya bibi, akakiwasha, akampa mkononi.

"Mama, leo tusaidie. Zunguka nao taratibu kwenye viungo vyote vya kasha."

Pardi akashika noti nzito kwenye kinanda. Bikizee akalizunguka kasha na moshi wake, polepole, kama alivyomwona mumewe akizizunguka patu. Moshi ulipanda wima. Kwenye kona ya nyuma ukaruka pembeni.

"Hapa," alisema. "Anapumua hapa."

Pardi akaiziba kona ile kwa gundi. Maua yakawekwa kwenye sahani kavu, sakafuni, kando ya kasha.

"Na maji?" bibi akauliza.

"Maji nichemshie mimi, mama. Mwenye kuyahitaji ni koo langu."

Bibi Saikem akaenda jikoni.

Jumamosi Wartini aliimba harusini kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwenzake mezani. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo kule kisimani waligeuza shingo. Hakupiga kelele hata mara moja.

Alasiri alirudi nyumbani, akaketi kizingitini, akavua viatu. Miguu ilimuuma, mgongo ulimuuma. Bibi Saikem alimletea maji ya moto na kumuuliza hali.

"Nimechoka," Wartini alisema, na neno lilitoka safi.