Simu Mbili Kambini

Ndugu zangu wazazi, leo mnisikilize vizuri, maana nimechoka kulisema jambo hili kwa upole. Mimi ni mpishi wa kambi ya likizo, mwaka wa kumi na moja sasa. Watoto hukaa kwetu wiki mbili, na siku tatu za mwisho mzazi huja kukaa na mwanawe, wasimike hema, wapike, waogelee. Hayo tu. Siku tatu katika mwaka mzima, na bado wapo wanaotuangalia kama tumewaomba figo.

Mwaka huu, asubuhi ya kwanza ya siku hizo tatu, kambi ilikuwa imetulia. Watoto walikuwa bombani wakisuuza vikombe, uji unachemka, na Chiriku yuko pembeni yangu ananisimulia ndoto yake kwa mara ya pili. Jina hilo tulimpa sisi kwa sababu ya maneno yake. Binti wa miaka tisa, mdomo haufungi mpaka alale. Alikuwa amechagua mahali pa hema tangu juzi, akapazungushia mawe asije mtu akapachukua, kwa kuwa baba yake anakuja. Mwaka wa kwanza baba alimtuma dereva. Mwaka wa pili alituma mpira. Safari hii aliahidi kwa kinywa chake.

Basi akaja. Tulisikia honi kabla hatujaona gari. Ni mwenye kiwanda cha uchapaji, shati limenyooka, simu moja sikioni na nyingine mkononi. Chiriku alimrukia. Yeye akamgusa kichwani kama mtu anayepima joto la pasi, huku akiendelea kugombana na mtu kuhusu kalenda zilizochapwa bila mwezi wa tisa.

Mtoto alishika upande mmoja wa hema, akamsubiri ashike wa pili. Nikamwendea yule bwana, mwiko mkononi, nikamwambia mwanao anakungoja. Hata hakuniangalia.

"Dakika mbili, mama."

Dakika mbili za watu hawa zinatosha kuivisha maharage.

Chiriku akaliacha hema chini, akaenda kuokota kuni na wenzake. Haukupita muda akarudi mbio, ameshika shingo. Nyuki amemuuma. Na hapa ndipo ninapokasirika hadi leo: hakuja kwangu, hakwenda kwa muuguzi, alikwenda kwa baba yake. Baba akamnyooshea kidole, asubiri. Naye akasubiri, mtoto wa watu, mpaka midomo ikaanza kuvimba. Nilipomwona hivyo kutoka jikoni, nikaacha sufuria nikamwita muuguzi.

Muuguzi, mgeni kwetu mwaka huu, akamuuliza baba kama mtoto aliwahi kuumwa na nyuki. Akajibu kwamba hajawahi, na kwamba ule ni uvimbe tu, apakwe dawa. Chiriku, aliyetushinda wote kwa maneno, sasa hakuweza kutoa hata moja. Alitikisa kichwa, akanitazama mimi.

"Aliumwa mwaka jana, hapa hapa," nikasema. "Alizimia. Tulikuandikia barua ununue sindano yake ya dharura ya mzio, aje nayo kila anapokuja. Ukaitia sahihi, ukairudisha."

Sindano haikuwapo. Kambini kulikuwa na moja tu, na ilikuwapo kwa sababu nilimsumbua mkuu wa kambi mwaka mzima ainunue. Akamchoma pajani. Tukakaa chini pale vumbini tukiihesabu pumzi ya mtoto, mpaka ikaanza kurudi. Baba aliendesha gari hadi hospitali, mimi nyuma na mtoto, simu zote mbili zikilia kitini, asiziguse.

Kwenye benchi la hospitali aliniambia kwamba barua ile aliisaini bila kuisoma. Nilikuwa na maneno mengi. Nikayameza, kwa shida kweli, maana aliyekwishaanguka hapigwi teke.

Kesho yake mchana daktari akamruhusu mtoto, akampa sindano zake mbili, na mtoto akakataa kabisa kurudi nyumbani. Ilibaki siku moja. Baba akamrudisha kambini, simu akaziacha ofisini kwetu. Walisimamisha hema likaegemea upande kama mzee mwenye maumivu ya kiuno, wakaunguza wali wakaula hivyo hivyo, na majini binti alimrushia maji mpaka shati lile likawa tambara. Nilimsikia yule bwana akicheka. Kumbe ana kicheko kizuri.

Jioni alikuja jikoni kuomba chumvi, akanong'ona, "Mama, huwa anaongea hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Nyumbani ni mkimya. Nilidhani ndivyo alivyo."

Nikamwambia nyumbani hana wa kumwambia. Binti akaja kumchukua, akaenda naye na chumvi yake mkononi.

FUNZO

Wazazi, msinisifu tena kwamba mimi ni mama wa pili wa watoto wenu. Sitaki. Mnapenda sana methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Inasema umleavyo wewe, haikumtaja mpishi. Soma barua kabla ya kuisaini. Na mtoto akikushika mkono ucheze naye, nenda, kwa sababu raha ile ni yenu wawili, na asiyekaa na mwanawe siku za furaha hatamjua siku ya hatari.