Utando Chini ya Mpira

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuipenda hata chembe: kuosha debe la maziwa. Lilikuwa debe la alumini lenye shingo nyembamba, na mfuniko wake ulikuwa na duara la mpira la kuzuia maziwa yasimwagike. Utaratibu ulikuwa mrefu. Suuza, ng'oa mpira, sugua kila mahali kwa brashi na maji ya moto yenye sabuni, suuza tena, tia dawa ya kuua vijidudu, kifuniko kimoja cha chupa yake, kisha lianike. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukutulia, lakini mbele ya debe lile alinuna kama aliyenyang'anywa chakula.

Brashi ilimchubua vidole. Kwa hiyo, tangu muhula uanze, aliiacha ining'inie msumarini na kutumia akili yake mwenyewe: alitia vifuniko viwili vya dawa, akatikisa debe mpaka mikono ikauma, akamwaga. Harufu ilipomkohoza, aliamini hakuna kijidudu kilichobaki hai humo.

"Umesugua?" mama alimuuliza kila siku.

"Nimesugua, mama, mpaka chini ya mpira."

Maziwa ya jioni yalilala ndani ya debe hilo, na ya alfajiri yakaongezwa juu yake. Kisha baba aliyapeleka yote kwa baiskeli kwenye kituo cha kukusanyia maziwa.

Jumamosi moja asubuhi, baba alirudi na debe likiwa limejaa vilevile. Aliibwaga baiskeli ukutani.

"Yamekataliwa tena!" alifoka. "Mara ya pili mwezi huu! Yakikataliwa mara ya tatu, wanatufuta kwenye orodha. Yule mpimaji ana chuki na mimi!"

Halafu akamgeukia mjomba, mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyekamua ng'ombe. "Au ni mikono yako! Hunawi, wala viwele huvioshi!"

"Shemeji, naviosha," mjomba alijibu. "Kila ng'ombe na kitambaa chake. Njoo uone."

"Nimekwisha ona! Fungasha virago vyako. Kuanzia leo nitakamua mwenyewe."

Mjomba aliitazama ndoo iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini. "Miaka minne naamka kabla ya jogoo," alisema kwa hasira. "Leo naitwa mchafu mbele ya watoto." Akaingia chumbani kwake.

Mama naye alipandwa na hasira. "Huyo ni ndugu yangu, si gunia la kutupa nje!"

Chiriku alisimama katikati ya makelele hayo, mashavu yakimwaka. Neno kuhusu brashi lilimfika kooni, akalimeza. Alimkasirikia baba kwa kufoka, lakini zaidi ya wote alimkasirikia huyo mpimaji. Dawa mara mbili, na bado anakataa maziwa yao!

"Baba, twende tukamuulize!" alisema. "Debe naliosha mimi mwenyewe. Haliwezi kuwa chafu."

"Twende!" baba alisema, akifurahi kumpata angalau mtu mmoja wa upande wake. Wakamimina maziwa kwenye ndoo, wakaondoka na debe tupu.

Mpimaji alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti jeupe na buti za mpira. Baba hakumsalimu. "Dada, nilikukosea nini?"

"Mzee, usinipigie kelele," mpimaji alijibu bila kurudi nyuma. "Maziwa yako yaliganda nilipoyachanganya na spiriti. Maziwa mazima hayagandi. Sikuyagandisha mimi. Nani anaosha debe hili?"

"Mimi," alisema Chiriku, kidevu juu. "Na dawa natia mara mbili!"

"Mara mbili? Kwa nini mara mbili?"

Mpimaji alichukua mfuniko, akaubandua mpira kwa mpini wa kijiko, akakwangua chini yake. Kijiko kilitoka na ute wa manjano, unaovutika na kunuka. Baba akaziba pua.

Mpimaji alipaka ute kidogo kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini. "Tazama."

Chiriku aliona vidoa visivyohesabika, vimebanana ndani ya kitu kama kamasi.

"Hao ni bakteria," mpimaji alisema. "Kila mmoja ana jeni, yaani maagizo aliyozaliwa nayo, lakini hayatumii yote kwa wakati mmoja. Aina nyingi, zikiwa bado zinaogelea, hutumia jeni za kutengeneza mkia. Zikigusa ukuta na kutulia, jeni za mkia zinazimwa na nyingine zinaamka, za kutengeneza gundi. Zinajibandika, zinazaana, watoto wanarithi maagizo yale yale, na wote wanajifunika ute huu. Tunauita utando. Dawa inaua wa juu, wa ndani wanapona. Mkitia maziwa, wanabanduka na kuyachachusha."

"Hata dawa mara mbili?"

"Hata mara tatu. Utando hauogopi harufu, unaogopa brashi. Ukishasugua ndipo dawa inafanya kazi. Sasa niambie, mpira huu ulisuguliwa lini?"

"Kila siku," baba alidakia. "Si ndiyo, mwanangu?"

Machozi yalimtoka Chiriku. "Hapana, baba. Tangu muhula uanze sijausugua. Nilimdanganya mama."

Baba alifumba macho. Alipoyafumbua, hasira yake haikujua pa kwenda. "Kwa hiyo shemeji yangu nimemfukuza bure!"

"Na mimi umenifokea bure," mpimaji alisema, akimrudishia mfuniko. Baba aliomba radhi, akiangalia sakafu.

Walimkuta mjomba anafunga godoro lake kwa kamba. Baba alisimama mlangoni. "Shemeji, nimekukosea. Nisamehe."

Mjomba aliendelea kufunga.

"Mjomba, ni mimi," Chiriku alisema, na akaeleza yote, bila kuruka hata neno.

Mjomba aliiachia kamba. "Nitakamua jioni na alfajiri, kwa ajili ya ng'ombe," alisema. "Debe utaliosha mbele yangu. Baada ya hapo nitaona."

Chiriku alisugua mpaka vidole vikawa vyekundu: shingo, mshono wa chini, mfuniko, mpira na mfereji wake. Jumapili asubuhi, maana ng'ombe hawajui mapumziko, baba alirudi na debe tupu. Maziwa yalikuwa yamepokelewa.

Mama alishangilia. Mjomba hakushangilia. Alimwita Chiriku akae karibu naye.

"Uvivu wa brashi ningekusamehe siku ile ile," alisema, na hasira ilikuwa bado usoni mwake. "Hata mimi nimewahi kuwa mvivu. Kilichoniuma ni kwamba ulisimama pale, ukanisikia naitwa mchafu, ukanyamaza. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado ni lako peke yako. Ukichelewa, analibeba mtu asiyehusika."

"Nimesikia, mjomba. Nisamehe."

Mjomba akainuka, akaenda chumbani kulifungua godoro lake.